Ravine ni shimo au ni maji?

Mvua ilikuwa inapiga bati tangu mchana. Tulikuwa Marla, mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, ndani ya Mafate, ile kona ya Réunion, kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi, ambayo mpaka leo haina barabara. Mchele na mitungi ya gesi hushushwa kwa helikopta; watu huingia kwa miguu. Wali na maharage vilikuwa vimeshapakuliwa pale mama mmoja wa Kiskoti aliponisogezea kijitabu chake cha Kiingereza, kurasa zimelowa mpaka zimeshikana, akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

Mstari ulisema: ifuate ravine kwa dakika kumi, kisha uivuke.

"Umesema unajua Kifaransa," akaniambia. "Hebu nieleze. Hii ravine ni shimo au ni maji?"

Asubuhi yake yeye na mumewe walikuwa wametoka kuelekea Trois Roches. Kwa Kiingereza chao, ravine ni bonde jembamba lenye kuta kali, kwa hiyo walitafuta ukingo wa juu wa kuufuata. Ukingo wa kupitika haukuwepo. Njia ilikuwa chini kabisa, kandokando ya mkondo, na kufikia wakati walipoiona, mkondo ulikuwa umepanda na maji yamebadilika rangi. Wakafanya la maana: wakageuka.

Mwenye nyumba alikuwa anapita na birika. Nikamuuliza habari za njia ya kesho. Akajibu bila kusimama kwamba tusubiri kwanza, ravine inatiririka.

Inatiririka.

Kwake yeye, swali la yule mama lilikuwa limeshajibiwa kabla halijaulizwa. Mimi sikuwa na jibu la kumpa kwa Kiingereza, na mezani nyumbani nilikuwa nimeacha kazi inayolihitaji: mwongozo wa njia za miguu za Réunion, kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, wenye neno ravine karibu kila ukurasa. Wiki kadhaa baada ya kurudi bado nilikuwa sijalivuka.

## Neno lilelile, kitu kingine

Watu wengi hudhani kazi ya mfasiri hukwama kwenye neno geni. Neno geni halina shida; unaliona, unasimama, unauliza. Linalotisha ni lile ambalo lugha zote mbili zinaliandika herufi kwa herufi sawasawa, jicho likapita juu yake kama limeshaelewa.

Ravine ya Réunion ni njia ya maji nzima nzima: kitanda cha mawe, kuta zake, na maji yenyewe yanapokuja. Inaweza kukaa miezi mikavu kabisa, ukaona mawe ya kijivu na majani yaliyonyauka, ukaivuka huku unazungumza. Mvua ikanyesha huko juu mlimani, wewe uko juani, na ravine ikakujia. Mvua ya kule si ya kuisimulia kwa maneno ya kawaida. Februari 2007, kimbunga Gamède kilipopita, kituo cha Cratère Commerson kilipima milimita 3,930 kwa siku tatu. Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo pale mlimani ilishuka mvua ya Dar ya zaidi ya miaka mitatu, kwa siku hizo tatu tu, na maji yote hayo yalikuwa na njia moja tu ya kwenda baharini, ambayo ni ravine.

Ndiyo maana Kifaransa cha kule husema ravine inatiririka, ravine imejaa. Kwa Kiingereza ravine haitiririki. Kijito kinaweza kutiririka ndani yake, lakini ravine yenyewe ni umbo la ardhi, imekaa kimya.

Nikajaribu mengine. Nikiandika kijito, mtembezi wa kiangazi atavuka mawe makavu bila kujua kwamba ameshavuka, ataendelea kutafuta maji mbele kwa mbele. Nikiandika gorge, nimemtisha bure. Ataona kishimo cha hatua sita na kudhani amepotea. Gully ni dogo mno. Watercourse ni sahihi, lakini ni neno la wapima ardhi, na hakuna mtu aliyechoka, mvua inamtiririka shingoni, anayesoma neno la wapima ardhi akaona picha kichwani.

Sisi tuna korongo. Mwambie mtu wa Dodoma au wa Karatu kwamba korongo limejaa, hatakuuliza kama unasema shimo au maji. Atakuuliza gari limekwama upande gani. Lakini nilikuwa naandika Kiingereza, na kuwa na neno lake nyumbani kulinizidishia uchungu tu.

Mengine yalikuwa ya namna hiyohiyo ila mepesi zaidi. Piton ni kilele: Piton des Neiges, mita 3,070, ndicho kirefu kuliko vyote kisiwani. Mpanda miamba wa Uingereza akisoma piton anaona kipande cha chuma kinachogongomelewa kwenye ufa wa mwamba. Plaine iko juu mlimani, kwenye baridi na ng'ombe, wakati plain ya Kiingereza hukaa chini. Cirque shuleni kwa Kiingereza hufundishwa kuwa bakuli lililochongwa na barafu. Za Réunion, yaani Mafate, Cilaos na Salazie, zimechimbwa na maporomoko na maji, wala hazikuwahi kuhitaji barafu ili ziwe zilivyo.

## Waingereza wamewahi kuazima

Wazo la kwanza lililonipa nafuu lilikuwa hili: kwani lazima nitafsiri?

Kiingereza cha milimani kimejaa Kifaransa. Col, arête, couloir, moraine, crevasse, hata hiyo cirque, yote yamo kwenye kamusi za Kiingereza na hakuna anayeyaona wageni tena. Mengi yaliingia karne ya 19, Waingereza walipoanza kumiminika Alps. Chama chao cha wapanda milima, Alpine Club, kilianzishwa London mwaka 1857. Lakini waliowaongoza juu walikuwa watu wa Chamonix, ambao kampuni yao ya waongozaji ilikuwepo tangu 1821. Mwongozaji akisema couloir, mteja aliyefungwa naye kamba moja anasema couloir. Hana nafasi ya kubishana naye msamiati.

Na si Alps tu. Kuna mfano ambao kila nikiukumbuka hunifurahisha, na wengi wetu tunapita karibu nao bila kuujua. Olduvai, mahali ambapo Mary Leakey aliliona lile fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, panaitwa na wanasayansi wa dunia nzima FLK. Herufi hizo ni Frida Leakey Korongo. Kuna BK pia, Bell's Korongo, na nyingine kadhaa zinazoishia na K hiyohiyo. Wazungu waliokuwa wakichimba pale, wakiandika ripoti zao kwa Kiingereza safi cha vyuo vikuu, walikuwa na gully, walikuwa na ravine, walikuwa na gorge. Walichukua korongo. Ndilo lililokuwa likisemwa pale, siku nzima, na watu waliokuwa wakichimba nao.

Basi Kiingereza kinakubali, watumiaji wakishakaa na neno mahali pake.

Halafu kuna UNESCO. Mwaka 2010 ilipoiingiza milima ya Réunion kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, jina la Kiingereza lilibaki na maneno matatu ya Kifaransa ndani yake: Pitons, cirques and remparts of Reunion Island. Rempart hata haikubadilishwa ikawa rampart, ambalo Kiingereza kinalo tayari, kwa maana ya ukuta wa ngome. Na walikuwa sahihi. Simama Maïdo asubuhi kabla mawingu hayajafunga, uangalie chini Mafate: ardhi inakatika mbele ya vidole vyako vya miguu na kushuka kama mita elfu moja. Genge ni neno dogo kwa kitu hicho, na escarpment, neno ambalo Wakenya wanalijua vizuri kwa ajili ya Bonde la Ufa, lina mteremko ndani yake; rempart haina mteremko, ina ukuta. Ajabu ni kwamba kuna njia ya miguu inayoupanda ukuta huo, kwa kona baada ya kona, na wenyeji huipanda wakiwa na mizigo.

Kwa hiyo nikaamua: yote yabaki Kifaransa, na nyuma ya kitabu niweke orodha ya maana.

Niliishi na uamuzi huo kwa siku chache tu. Kila nilipofikiria orodha ile ya nyuma, niliona kile kijitabu kilicholowa. Kurasa zimeshikana. Mvua inanyesha. Nani atafunua ukurasa wa mwisho, amesimama ukingoni, ili ajue kama anachotakiwa kuvuka ni shimo au ni maji?

## Îlet

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na nadhani panastahili.

Îlet kwa Kifaransa cha kawaida ni kisiwa kidogo. Kwa Mafate ni kipande cha ardhi tambarare, kimeinuliwa juu, pande zote kimezungukwa na ravine na magenge, na juu yake kuna watu. Watu kama 800 wanaishi hivyo Mafate: Aurère, La Nouvelle, Roche Plate, Îlet à Bourse, Îlet à Malheur. Nyumba za bati zilizopakwa rangi, kuku, migomba, mabomba meusi ya maji yanayopita juu ya ardhi, duka dogo linalouza biskuti na betri. Kutoka îlet moja kwenda nyingine, hata kama unaiona ng'ambo na unasikia jogoo wake, unashuka ravine yote na kuipanda tena yote.

Mhariri wangu Mwingereza alitaka islet. Hoja yake haikuwa mbaya. Neno lina upweke ndani yake, alisema, na msomaji atahisi kile ambacho wenyeji wenyewe walikihisi walipopaita hivyo. Nililitafakari hilo kwa siku nyingi, kwa sababu kweli, aliyepaita îlet mara ya kwanza aliona kisiwa. Aliona ardhi ya kukaa, na pande zote kitu kisichokalika.

Ila msomaji wa mwongozo hana kazi ya kuhisi, angalau si kwanza. Ana kazi ya kufika. Akiambiwa njia inafika islet baada ya saa moja, atatafuta ziwa.

Hamlet lina watu lakini limepoteza ardhi, na kuna îlet ambazo watu wameshazihama. Terrace lina ardhi lakini kwa Mwingereza wa mjini ni safu ya nyumba zilizoungana. Plateau ni kubwa mno; îlet nyingine unaimaliza kwa dakika tano.

Na nyuma ya hayo yote kulikuwa na jambo lingine lililonizuia nisilibadilishe neno hili kirahisi. Watu wa kwanza kukaa kwenye tambarare hizo walikuwa wamekimbia. Waliitwa marrons, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani ya kisiwa wakapanda juu ambako mbwa na bunduki vingechelewa kufika. Jina la Mafate ni la mmoja wao, kiongozi aliyejificha humo. Cilaos hufasiriwa kuwa ni Kimalagasi, mahali usipopaacha. Wengi walikuwa Wamalagasi. Wengine walitoka huku kwetu: mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliweka mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, na masoko aliyoyalenga yalikuwa visiwa hivi, Île de France ambayo leo ni Morisi, na Bourbon ambayo leo ni Réunion. Mtu aliyetembezwa kutoka bara mpaka Kilwa, akavushwa bahari, akatoroka, akapanda rempart usiku, akapata tambarare yenye maji na isiyoonekana kutoka chini.

Watu wa Chamonix walikuwa na wateja kutoka London, na maneno yao yakaingia kwenye kamusi za Kiingereza. Waliokuwa na neno îlet hawakuwa na mteja. Walikuwa na watu wanaowawinda. Sioni kwa nini neno lao liwe na haki ndogo kuliko couloir.

Îlet imebaki.

Lakini sikuiacha peke yake. Nilijiuliza neno hili linaifanyia nini miguu ya mtembezi, na jibu lilikuwa rahisi: hapa mteremko unakoma, hapa kuna watu, pengine kuna maji na chakula. Kwa hiyo inapotokea mara ya kwanza kwenye kila siku ya matembezi, sentensi yenyewe inasema hivyo, palepale, bila mabano na bila kumtuma mtu nyuma ya kitabu. Na kibao cha njiani kikisema Îlet à Bourse, kitabu kinasema Îlet à Bourse.

## Drifti

Lililonigeuza kabisa lilikuwa neno la zege.

Radier. Barabara au njia ya kule inapokutana na ravine, mara nyingi hakuna daraja. Kuna bamba pana la zege lililolazwa kwenye kitanda cha ravine. Siku za kawaida unapita juu yake pakavu. Mvua ikija, maji yanapita juu yake na wewe unasubiri. Kila msimu wa vimbunga watu wa Réunion hukumbushwa kwenye redio wasivuke radier iliyofunikwa na maji, na kila mara wapo wanaovuka.

Tafsiri niliyoikuta kwenye miongozo mingi ni ford. Hiyo inaniogopesha. Ford ni mahali ambapo mto ni wa kina kifupi na unakusudiwa kuvukwa ndani ya maji. Ukimwambia Mwingereza avuke ford, akakuta maji yanapita juu ya zege, ataona kila kitu kiko kama kitabu kilivyosema. Atavua viatu. Ataingia. Kitabu kitakuwa kimempa ruhusa ambayo Kifaransa hakikuitoa.

Nilimpigia mjomba wangu wa Morogoro, ambaye amejenga barabara za vijijini maisha yake yote.

"Shikamoo mjomba. Ile zege mnayoilaza korongoni, maji yanapita juu, mnaiitaje?"

"Marahaba. Si drifti hiyo, mjomba?"

"Na kwa Kiingereza?"

"Drift. Hilo hilo. Kwenye michoro tunaandika hivyo."

Alikuwa sahihi, na kwa dakika chache nilifurahi. Kiingereza cha Afrika kinalo neno: wahandisi wetu wanalo, Afrika Kusini wanalo, mpaka limeingia kwenye majina ya mahali kama Rorke's Drift. Tatizo ni kwamba Mskoti akisoma drift anaona theluji iliyorundikwa na upepo. Neno lipo kwenye lugha, msomaji wangu hanalo.

Mjomba hakukata simu. Akauliza kwa nini nauliza, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hilo usiliite jina. Waandikie tu kwamba maji yakipita juu, wasipite."

Hapo ndipo kazi yote ilipojipanga upya kichwani mwangu.

Nilikuwa nikiyatendea maneno yote ya ardhi kama familia moja, natafuta kanuni moja ya kuyatafsiri. Si familia moja. Îlet, rempart, piton, cirque ni maneno ya kujua uko wapi. Yameandikwa kwenye vibao, kwenye ramani za IGN, shirika la ramani la Ufaransa, midomoni mwa watu utakaowauliza njia. Hayo yabaki kama yalivyo, kwa sababu mtembezi atakutana nayo uso kwa uso. Radier, gué (ford ya Kifaransa), passage délicat, passage exposé ni maneno ya kukuambia ufanye nini na mwili wako. Hayo hayana haki ya kubaki Kifaransa hata kidogo, wala hayana haki ya kubadilishwa na jina lingine la Kiingereza lililo sawasawa kwenye kamusi. Yanatakiwa kuwa maelekezo.

Passage délicat haisemi kwamba mahali ni dhaifu, kama delicate ya Kiingereza inavyopendekeza. Inasema hapa utatumia mikono. Exposé inasema ukiteleza hapa hutasimama, hata kama njia yenyewe ni pana na nyepesi. Mtu asiyepanda milima akisoma exposed anafikiria jua na upepo, anavaa kofia. Kwenye tafsiri yangu sasa kila mahali kama hapo pana sentensi kamili: shimo liko upande gani, urefu wa kipande hicho ni wa dakika ngapi, kuna kamba ya chuma au hakuna. Ilibidi nimwandikie mwandishi wa Kifaransa kuuliza mengi ya hayo, kwa sababu yeye aliweka neno moja tu akijua msomaji wake atajaza mengine mwenyewe.

Vilevile rive gauche. Kifaransa hupima ukingo kwa kuangalia kule maji yanakokwenda, hivyo mtu anayepanda kinyume cha mkondo ana ukingo wa kushoto kwenye mkono wake wa kulia. Kiingereza cha mabaharia na wahandisi kina kanuni hiyohiyo, lakini mtembezi aliyechoka akisoma kushoto anageukia kushoto. Nimeandika upande wa mkono wake, kila mahali.

Na ravine? Ravine iko kwenye familia zote mbili. Ndiyo sababu ilinisumbua kuliko yote. Ni jina la kibaoni na ni kitu cha kukuua. Kwa hiyo nimeilipia mara mbili: jina linabaki, Ravine fulani, na kila inapovukwa sentensi inasema utavuka kitanda cha mawe ambacho kinaweza kuwa kikavu, na kwamba kikiwa na maji ya rangi ya udongo au yanayopanda unaposubiri, unarudi. Kitabu kimenenepa. Mchapishaji alilalamika kuhusu kurasa. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba picha za machweo ziko nyingi na zinaweza kupungua.

Zimepungua.

## Plaine des Cafres

Kulibaki jina moja ambalo sikuweza kuligusa wala kuliacha.

Plaine des Cafres iko juu, kwenye barabara ivukayo kisiwa kutoka Saint-Pierre kwenda Saint-Benoît, na njia kadhaa za miguu huanzia hapo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa neno lile limetoka wapi. Anasikia kafiri ndani yake mara moja. Waarabu walilitumia kwa watu wa bara wasio Waislamu, Wareno wakalichukua, likazunguka Bahari ya Hindi yote. Huko Réunion likawa jina la watu wenye asili ya bara la Afrika, na marrons wa nyanda zile za juu wakapapa jina.

Mtu wa Afrika Kusini akifungua mwongozo huo atakuta, kwa herufi kubwa, neno ambalo nchini mwake ni tusi zito linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Réunion ni tofauti. Tarehe 20 Desemba, siku utumwa ulipofutwa huko mwaka 1848 na zaidi ya watu 60,000 wakawa huru, huitwa Fèt Kaf, na watu hucheza ngoma ya maloya barabarani usiku kucha. Mama humwita mtoto wake hivyo kwa mapenzi.

Jina la mahali halitafsiriwi. Hilo najua. Swali lilikuwa kama niseme kitu au ninyamaze. Mhariri alitaka ninyamaze. Mwongozo ni wa njia, alisema, na maelezo yataonekana kama kuomba radhi kwa niaba ya watu wasioomba. Sehemu ya pili ya hoja yake ilinifikirisha sana. Ndiyo maana nimeandika mistari mitatu tu, isiyoomba radhi: neno limetoka wapi, limetumika kwa nani, na leo hapo kisiwani lina maana gani kwa wanaojiita hivyo. Kilwa imetajwa. Mistari imewekwa kando ya ramani, si nyuma ya kitabu.

Amekubali mistari hiyo.

Tunachobishania sasa ni gratons. Ndivyo Réunion inavyoita lava ile ya mafungumafungu, yenye makali, inayokata soli za viatu kwenye miteremko ya Piton de la Fournaise. Jina limetoka kwenye vipande vya ngozi ya nguruwe vilivyokaangwa vikakauka. Kiingereza cha wanajiolojia hutumia neno la Hawaii, a'a, na mhariri anaona hilo ndilo sahihi kwa kuwa linajulikana kimataifa. Mimi naona si sawa mtu atoke Leeds, atembee juu ya volkano ya Bahari ya Hindi, asome jina la Bahari ya Pasifiki, wakati mwenyeji aliyekaa naye mezani ana neno lake. Nimemtumia sentensi zote mbili, ya Hawaii na ya Réunion, kila moja ikiwa na onyo la viatu ndani yake, na nimemwambia ninayoitaka ni ya pili.